Glasi ya Maji Meusi

Katika miaka arobaini na mmoja ya kufunga mabomba mjini Tarime, Athumani Kibwana alizoea kumwuliza mwenye nyumba swali moja tu: koki kuu iko wapi? Mengine aliyatafuta mwenyewe kwa macho na vidole. Ndiyo maana asubuhi ile, alipofikishwa mbele ya friji la Werema, alisimama kimya, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa asiyemfahamu.

Lilikuwa friji la milango miwili, rangi ya fedha, refu kumpita yeye. Kwenye mlango wa kushoto palikuwa na kishubaka, na ndani ya kishubaka kiulimi cha plastiki.

"Hili, Mzee, linakunywa lenyewe," Werema akasema, akiligonga ubavuni kama mtu anayemnadi fahali. "Unalifungia bomba huko nyuma, basi. Ukisukuma glasi hapa, maji baridi. Hapa, barafu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Hakuelewa. Aliyajua mafriji ya mafuta ya taa, yale ya misheni na ya maduka ya Wahindi, na haya ya umeme yaliyokuja baadaye. Yote yalikuwa makabati ya kuwekea vitu. Friji la kufungiwa bomba kama choo cha kuvuta hakuwahi kuliona. Lakini angemwambia nani? Juzi vijana wawili wenye pasi ya kuunganishia mabomba ya plastiki walikuja, wakalizunguka, wakalipiga picha kwa simu, wakaondoka. Kama naye angeondoka, habari ingefika sokoni kabla yake.

Ilikuwa miaka ile ya dhahabu kupanda bei, wakati kila mwenye mikono miwili alikwenda Nyamongo kuitia ardhini. Athumani alikuwa amefundisha watu sita kazi ya bomba. Wote sita walikwenda kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, mmoja hakutoka. Waliobaki mjini walifanya kazi ya plastiki, bomba kuyeyushwa na kugandamizwa kama mshumaa. Kukata uzi wa bomba kwa mkono, kuuzungushia katani na kuupaka rangi, kisha kuukaza mpaka ukaze na meno yako mwenyewe, hiyo ilikuwa kazi iliyokufa bila mtu wa kuizika. Hata salamu ilikuwa imekufa. Kijana aliyemfungulia geti la Werema, geti lenye simba wawili wa saruji, alimwambia, "Pita, wanakusubiri," na jicho lake halikutoka kwenye simu.

Aliyekuwa akimsubiri hasa alikuwa bibi kizee aliyekaa kwenye kigoda jikoni, katikati ya vigae vinavyong'aa, kama jiwe la kale lililosahauliwa na waliojenga nyumba. Huyo alikuwa Mokami, mama yake Werema. Yeye ndiye aliyesema vijana walipoondoka, "Mwiteni Athumani."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umezeeka vibaya."

"Na wewe hujabadilika."

"Mwongo kama zamani. Kaa nikuone."

Walijuana tangu mwaka ambao Athumani alifunga bomba la kwanza kwenye mji wa mume wa Mokami, huko nyuma ya kilima. Alikuwa kijana mwembamba, mjukuu wa mfanyabiashara wa ngozi aliyetoka Pangani, na kwenye mji ule nyama ilichinjwa na mtu asiyekuwa wa dini yake. Hakuila, na aliona haya kusema. Mokami hakumwuliza kitu. Siku ya pili alimletea kibuyu cha maziwa, na siku ya tatu, na kila siku mpaka kazi ilipokwisha. "Maziwa hayachinjwi," alimwambia. Athumani alikula karamu nyingi baada ya hapo, na nyingi alizisahau. Maziwa yale hakuyasahau.

Basi akavua koti, akaanza kazi.

Alilivuta friji mbele, akatazama mgongo wake. Chini kabisa aliona kijitundu chenye uzi, unene wa penseli. Moyo ukamtulia kidogo. Uzi ni uzi, hata ukitengenezwa Korea. Ndani ya mlango alikuta mahali patupu penye umbo la chupa, na kwenye droo ya mboga akakuta chupa yenyewe, nyeupe, imefungwa kwa nailoni. Akaifungua, akaizungusha mahali pake, ikalia tik! Hakujua ni ya nini, lakini kitu chenye tundu lake hakiwezi kuwa kimekosea njia.

Kilichokosekana kilikuwa mpira wa kutoka bombani mpaka kwenye friji. Lile friji lilinunuliwa Nairobi, na pale Sirari mpakani likahamishwa kutoka gari moja hadi jingine, na mfuko wa vikorokoro ukapotea pamoja na kijitabu cha maelezo.

"Stoo kuna mpira mwembamba, mweupe," Werema akasema, simu sikioni. "Nenda kakate unaotosha."

Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba. Ilijaa mapipa ya buluu, magunia, pampu mbovu na mabuti, kwa maana Werema alikuwa na planti ya kuchenjulia dhahabu upande wa Nyamongo, na vitu vya kule vilikuja huku kila mara. Kazi yake ilikuwa kununua marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa na wachimbaji, na kuuloweka katika maji ya sianidi. Sumu hiyo iliyeyusha dhahabu isiyoonekana kwa jicho, kisha maji yakapitishwa kwenye punje nyeusi zilizoitwa kaboni, na punje zikainasa dhahabu. Athumani aliyajua haya kwa kusikia tu. Aliukuta mpira umening'inia kwenye msumari, juu ya mapipa. Akakata ncha yake kwa kisu, akaitia mfuko wa shati alimotia kila kipande cha kila kazi, akapima hatua nne, akakata tena. Kabla ya kuondoka akaupuliza kwa mdomo, kama alivyopuliza kila bomba maishani mwake, ili kuona kama umeziba. Haukuziba. Hakuuliza ulikuwa wa nini.

Alifunga maji, akakata bomba chini ya sinki, akaweka tii, kiungo cha njia tatu, na koki ndogo. Uzi wa tii aliuzungushia katani na rangi, ingawa tepu ilikuwepo. Nati za mpira akazikaza kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana. Akafungua maji. Tenki la Werema lilikuwa juu kwenye mwamba, na maji yalishuka kwa nguvu, lakini hapakutoka hata tone. Alipitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo, na kila mara karatasi ikatoka kavu. Ndani ya friji maji yalisikika yakiingia, yakiguguma kama ng'ombe mwenye kiu.

"Anza wewe, Mama," Werema akasema kwa furaha, akachukua glasi.

"Mimi sinywi kwenye kioo. Nipe kata yangu."

Bernadetha, mke wa Werema, akaleta kata ya kibuyu iliyokuwa nyeusi kwa miaka. Mokami mwenyewe akaisukuma kwenye kiulimi, akashtuka friji lilipotema, akacheka, akanywa. Akanywa tena, funda refu. La mwisho akalibakiza mdomoni, akalipuliza kwenye mlango wa friji, kama wazee walivyobariki kitu kipya kilichoingia mjini.

Kwenye ile rangi ya fedha vikabaki vitone vyeusi.

"Mama, ugoro!" Bernadetha akasema, akakimbilia kitambaa. "Umelichafua na ugoro wako."

"Sijavuta ugoro leo. Kizibo kimepotea, umemwagika wote."

Kizee akakionyesha kibuyu chake kidogo cha ugoro, kilichozibwa kwa kitambaa. Hakuna aliyekitazama. Werema alikuwa amesukuma glasi yake, na sasa aliishika kwenye mwanga wa dirisha. Maji yalikuwa ya kijivu, kama maji ya kuoshea sufuria, na chini yake zilitua punje ndogo, ndogo, nyeusi tii.

Werema alizijua punje zile. Ndizo zilizomjengea nyumba.

"Kaboni," akasema polepole. Kisha akapaza sauti: "Kaboni! Mzee Athumani, ule mpira umeutoa wapi?"

"Stoo. Ulikoniambia."

"Stoo upande gani?"

"Kwenye msumari. Juu ya mapipa."

"Wewe!" Glasi ikamtoka Werema mkononi, ikapasukia kwenye vigae. "Huo umetoka planti! Huo umepitisha sianidi! Umemnywesha mama yangu sianidi!"

Athumani alitaka kusema, wewe ndiye uliyenituma, lakini alijua jibu lake. Fundi ni yeye. Aliyeshika mpira ni yeye. Swali moja tu, Werema, mpira huu ulifanya kazi gani?, lingemtoka mdomoni kwa muda mfupi kuliko kukohoa. Hakuliuliza, kwa sababu ya kiburi.

"Una uhakika umetoka planti?" akauliza sasa, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Sijui! Kisyeri ndiye anayeleta vitu!" Kisyeri alikuwa msimamizi wa planti. Werema akampigia. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Na gari la kumkimbizia mama hospitali lilikuwa huko huko na Kisyeri. "Mbuzi wangu watatu walikunywa maji pale planti. Watatu! Hawakufika kwenye uzio!"

"Maziwa!" Bernadetha akapiga yowe. "Sumu inavunjwa kwa maziwa!"

Akashika jagi, akamshika mama mkwe kidevu, akaanza kumnywesha. Mokami alitaka kusema kitu. "Ama..." akasema, maziwa yakaingia. Akayameza, akafungua mdomo tena, "Amaka..." maziwa yakaingia tena. Akampiga mkwewe kofi la mkono, lakini Bernadetha alikuwa na nguvu, na alikuwa akilia.

Athumani aliwatazama, na machozi yakamlengalenga. Ni maziwa yale yale. Huyu aliyemlisha bila kumwaibisha, leo Athumani ndiye anayemtia sumu, kwa ajili ya kisanduku cha kutolea barafu. Akapiga hesabu ya wakati: amekunywa dakika ngapi zilizopita? Tano? Kizee bado alikuwa na nguvu za kupiga kofi.

Ndipo mikono yake ikaanza kazi bila yeye. Miaka arobaini na mmoja ilikuwa imeifundisha jambo moja: maji yakiharibika, tafuta yameharibikia wapi. Akafunga koki, akaufungua mpira mgongoni mwa friji, akauelekeza kwenye beseni jeupe, akafungua koki. Maji yakatoka. Akainama mpaka pua ikakaribia beseni.

"Werema, njoo uone."

"Nione nini!"

"Njoo."

Maji ya beseni yalikuwa meupe. Hayakuwa na punje hata moja.

"Weusi hautoki kwenye mpira," Athumani akasema. "Unatokea ndani ya friji lenyewe."

Werema akayatazama, akatikisa kichwa. "Sianidi haina rangi, Mzee. Hujui wewe. Ingekuwa na rangi wale mbuzi wasingekunywa."

Hilo lilikuwa kweli, na likamkata maini. Lakini nusu ya kazi hufanywa kwanza, nusu ya pili baadaye. Akaichomoa ile chupa nyeupe ndani ya mlango, akaitikisa juu ya sahani. Ukamwagika uji mweusi. Ilikuwa na maandishi madogo pembeni, na Athumani, aliyejifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia vitumbua, hakuwahi kuyaacha maandishi bila kuyajaribu. Akatia mkono mfuko wa shati kutafuta miwani.

Vidole vyake vikakuta waya, nati mbili, mpira wa koki, na kitu kidogo kigumu. Akakitoa. Kilikuwa ile ncha ya mpira aliyoikata stoo. Na mdomoni mwa ncha ile, kimekazwa kwa moto wa kiwandani, mlikuwa na kizibo chekundu.

Akakigeuza mara mbili mwangani.

"Werema," akasema. "Mpira uliokwisha tumika unakuwa na kizibo?"

"Kizibo gani?"

"Hiki."

Werema akakichukua, akajaribu kukichomoa kwa kucha, kikakataa. Akakiuma kwa meno, kikakataa. Hapo hapo akatoka mbio. Walimsikia akipindua mapipa huko stoo, na alipourudisha mpira uliobaki, alikuwa ameshika ncha yake ya pili hewani kama mtu aliyeshika nyoka kichwani. Na yenyewe ilikuwa na kizibo chekundu.

"Ni mpya," akasema, akakaa chini, juu ya vigae, katikati ya maji na vipande vya glasi. "Ni mpya. Haukuwahi kupitisha kitu. Mama, ni mpya."

Bernadetha akashusha jagi. Mokami akavuta pumzi, akajifuta maziwa kidevuni kwa mkono wote, akasema kwa sauti kubwa neno alilokuwa akilitafutia nafasi muda wote ule:

"Amakara!"

Athumani alikuwa tayari amechukua uji mweusi kutoka kwenye sahani, akausugua kati ya kidole na gumba. Ukaacha alama anayoijua tangu utotoni. Akaunusa. Akaugusa kwa ulimi.

"Mkaa," akasema.

"Si ndivyo ninavyowaambia!" Mokami akafoka. "Mkaa! Mama yangu alisugua vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto kila jioni, nisiijue ladha ya mkaa? Nimekunywa, nikasema, ah, hawa watu wa friji wana akili, wameosha chombo chao. Nataka kuwaambia, huyu ananizamisha kwa maziwa!"

"Kwetu mama alitia kipande ndani ya mtungi," Athumani akasema. "Mkaa mmoja, umeoshwa vizuri. Maji yakakaa wiki bila harufu. Mwanzo unayamwaga, mpaka yaache weusi."

"Lakini mimi nimeona kaboni," Werema akasema kwa unyonge.

"Na kaboni ni nini, mwanangu?"

Werema akafikiri. Alikuwa akiinunua kwa magunia, na kwenye magunia palichorwa nazi, na hakuwahi kujiuliza nazi inatafuta nini kwenye dhahabu. "Ni... vifuu vya nazi. Vilivyochomwa."

"Basi ni mkaa."

Mokami akaanza kucheka, kicheko cha bila meno, kilichomtikisa mpaka kigoda kikalia. "Kumbe utajiri wote huu ni mkaa! Na mimi nilikuwa naumwaga jalalani!" Bernadetha akacheka huku akilia. Werema alikuwa bado chini, ameinamisha uso kwenye magoti, na mabega yake yalitikisika, na Athumani hakutaka kujua kama anacheka.

Akairudisha chupa nyeupe, lile chujio la mkaa, mahali pake, akaufunga mpira, akafungua maji. Akaanza kusukuma glasi kwenye kiulimi na kuimwaga ndooni, glasi baada ya glasi. Mwanzo kijivu, kisha kama moshi mwembamba, kisha kama ukungu wa asubuhi mlimani. Ndoo ya pili ilipokaribia kujaa, yalikuwa maji. Alifanya kazi ile polepole, na kila glasi iliyotoka safi zaidi ilimwondolea kitu kifuani. Aliona uchungu pia, hakukosa kuuona. Chuma chote hiki, umeme, safari ya Nairobi, simba wa saruji getini, ili kufanya kilichofanywa na mtungi na kipande cha mkaa kwenye kona ya nyumba. Na baada yake na kizee huyu, hapatakuwa na mtu wa kulitambua jambo hilo kwa ulimi. Lakini leo uchungu ulikuwa mdogo. Kizee alikuwa hai na anafoka.

Werema akainuka, akaja kusimama karibu naye.

"Mzee Athumani, nimekutukana mbele ya mke wangu."

"Ulikuwa unamlilia mama yako. Na mimi nilipaswa kukuuliza habari za ule mpira. Sikuuliza."

"Ungeniuliza ningesema sijui."

"Hata hivyo. Ningekuwa nimeuliza."

Akajaza kata, akamwangalia Mokami kabla ya kumpa. Kizee akaipokea kwa mikono miwili, akanywa yote, akatafakari.

"Ya kwanza yalikuwa na ladha," akasema. "Haya hayana kitu. Ni baridi tu."

"Ndivyo yanavyotakiwa, Mama," Bernadetha akasema.

"Basi kunyweni nyinyi. Mtungi wangu msiuguse."

Hata hivyo funda la mwisho alilibakiza mdomoni. Safari hii hakuligeukia friji. Alimwashiria Athumani asogee, akamshika viganja, vile viganja vyenye rangi na katani kwenye kila mkunjo, akavipulizia maji. Yalikuwa baridi kama jiwe la alfajiri, na Athumani hakuvifuta.

Alipokuwa akikusanya spana zake, Mokami akamvuta shati.

"Kile chekundu kiko wapi?"

"Kizibo?"

"Lete."

Athumani akaipasua ncha ya mpira kwa kisu, kizibo kikaruka. Kizee akatoa kitambaa kwenye kibuyu chake cha ugoro, akakijaribu kizibo kwenye kidomo chake. Kikaingia, kikakaza. Akakigeuza kibuyu juu chini, akakitikisa sikioni, hakikumwaga kitu.

"Haya," akasema, akakifutika ndani ya kanga. "Sasa nitafutieni ugoro."